Bosi Wako na Wakubwa Wake Wakikosana, Wewe Si Nyasi

Wacha niseme maoni yangu mapema ndio usimalize bando ukiyatafuta: meneja wako akikosana na wakubwa wa kampuni, usichague mtu. Chagua kazi, na uhakikishe imeandikwa mahali.

Najua ushaambiwa ile methali ya fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Kwa ofisi nyingi watu huisema wakitikisa kichwa, kama watu ambao washakubali kukanyagwa. Methali yenyewe sina shida nayo. Shida yangu ni vile tunaitumia. Nyasi haina miguu. Haina simu. Haiwezi kuuliza, "Samahani, tufuate agizo la nani hapa?" Wewe unaweza. Kwa hivyo acha kujihurumia kidogo, tuongee.

Kwanza, hii vita huwa haianzi kwa makelele. Meneja wako anaanza kutoka kwa mikutano ya ghorofa ya juu akiwa kimya. Kikundi kipya cha WhatsApp kinafunguliwa na yeye hayumo. Ripoti ambayo alikuwa anatuma yeye, sasa wanataka uitume wewe moja kwa moja. Halafu siku moja mkurugenzi ambaye hajawahi kukusalimia anakusimamisha kwa ngazi na kukuuliza kwa upole, "Na huko kwenu mambo iko aje?" Kesho yake meneja anakuita kando na yeye pia ako mpole: "Jana mkubwa alikuwa anakuuliza nini?"

Ukiona watu wawili wenye uwezo wa kukufuta kazi wameanza kukuongelesha kwa upole wiki moja, jua kuna kitu.

Na kwa nini wanakuja kwako, si kwa yule mzee wa uhasibu amekaa hapo miaka kumi na tano? Kwa sababu wewe ndiye mgeni. Uko kwa kipindi cha majaribio, au mkataba wako ni wa miezi mitatu mitatu, au ni intani. Unahitaji kupendwa. Halafu vijana ndio huwa na funguo za vitu vidogo vidogo: nenosiri la ukurasa wa kampuni, lile jedwali la mauzo, kalenda ya mikutano. Unajua mengi kuliko cheo chako. Mtu anayejua mengi na anaogopa kupoteza kazi ndiye rahisi kutumiwa.

Na kuogopa kwenyewe si ujinga. Landilodi hajali kama meneja wako alikosana na mkurugenzi. Tarehe tano ni tarehe tano. Wengi wenu hapa mnalipia ndugu karo, mnatuma kitu nyumbani, na Fuliza inangoja mshahara uingie ndio ikate yake. Mtu wa hivyo ukimwambia "fuata tu moyo wako" unamtukana.

Mimi mwenyewe sikusomea usimamizi. Hata nilichokuwa nasomea sikumaliza. Karo ilikataa mwaka wa pili nikatoka chuo, nikapata kazi kwa kampuni moja ya kuuza vifaa vya nyumbani hapa Nairobi. Jina nitaliacha. Nilikuwa nashughulikia kurasa zao za mtandaoni: picha, bei, kujibu wateja. Meneja wetu alikuwa mama mmoja mkali lakini wa haki. Mkurugenzi wa mauzo na yeye walikuwa hawaelewani hata kidogo, na sisi tulikuwa wanne chini yao tukiangalia kama mpira wa tenisi.

Kitu nilijifunza pale, na nimekiona kwa marafiki walio kwa benki, kwa hoteli, kwa vituo vya kupokea simu na hata kwa mashirika ya misaada, ni kwamba vijana wakijipata hapo katikati huingia kwa moja kati ya kazi tatu ambazo hazilipi.

Ya kwanza ni mpelelezi. Huyu anabeba maneno. Mkubwa anauliza, yeye anamwaga. Mara nyingi hata hana ubaya, anadhani anajijengea jina. Kwa hiyo ofisi yetu alikuwepo mmoja. Kila Ijumaa jioni alikuwa na dakika kumi za mkurugenzi. Meneja alipoondoka, sote tulidhani jamaa atapewa kiti. Hakupewa. Mkurugenzi alimchukulia vile watu wote humchukulia mtu wa hivyo: anayeniletea ya wenzake, yangu atapelekea nani? Alipewa mtu kutoka nje awe bosi wake, na sisi wenzake tukawa hatumwambii hata saa ya chai.

Ya pili ni wakili. Huyu anampenda meneja wake na anampigania kila mahali. Kwa kibanda cha chapo na ndengu saa saba mchana anaeleza vile wakubwa hawana akili. Anaandika status za mafumbo. Kwa mkutano anakunja uso mkurugenzi akiongea. Shida ni kwamba hajui kesi yenyewe. Ameskia upande mmoja, tena vipande. Meneja anaweza kuwa amesuluhisha na wakubwa juzi, au anaandikia kampuni nyingine barua ya maombi ya kazi, na wewe bado uko vitani peke yako na mafumbo yako.

Ya tatu ni bubu. Huyu ameamua hajaona, hajaskia. Anasema "sawa" kwa kila mtu. Meneja akisema geuka kushoto, sawa. Mkurugenzi akisema kulia, sawa. Watu wengi hudhani hii ndiyo njia salama. Kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, manake siku amri mbili zitagongana, zitagongania kwako, na hautakuwa na karatasi moja ya kuonyesha nani alisema nini. Atakayelaumiwa ni yule aliyebonyeza kitufe.

Sasa kabla tufike kwa dawa, wacha nimtetee meneja kidogo, na pia huyo mkubwa.

Meneja wako ni mwajiriwa. Ana bosi, ana tageti, anaogopa kufutwa kama wewe tu. Tofauti ni kwamba yeye anabanwa kutoka juu na kutoka chini. Wakubwa wanamwambia apunguze gharama. Nyinyi mnamwambia mashine imezeeka na overtime haijalipwa. Yeye ndiye anafaa kuwaambia nyinyi hapana kwa niaba ya watu ambao wanamwambia yeye hapana. Mkubwa naye anaangalia mwaka mzima: benki inadai, wenye hisa wanauliza, mshindani ameshusha bei. Meneja anaangalia wiki. Wewe unaangalia leo saa nane mteja amekuja na hasira. Mara nyingi hakuna mbaya hapo. Ni watu watatu wanaangalia saa tofauti.

Nasema mara nyingi, si kila mara. Kuna wakati ni wivu. Kuna wakati mkubwa anataka kumweka mtu wa kwao. Kuna wakati meneja ndiye mzembe na wakubwa wako na haki. Lakini wewe uliye chini huwezi kujua kwa uhakika, na hapo ndipo hoja yangu imesimama. Usipojua kesi, usiwe shahidi wala hakimu.

Wale wa mpira mtanielewa haraka. Septemba 2007 Jose Mourinho alitoka Chelsea baada ya uhusiano wake na mwenye klabu, Roman Abramovich, kuharibika. Alikuwa amewapa ligi mbili, 2005 na 2006. Didier Drogba alikuwa mtu wake kabisa, na hakuficha kwamba iliuma. Lakini Drogba alibaki, na akafanya kazi. Kutoka hapo hadi 2012 alipitia makocha sita: Grant, Scolari, Hiddink, Ancelotti, Villas-Boas, Di Matteo. Mei 2012 kule Munich, akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, halafu akapiga penalti ya mwisho iliyowapa Chelsea kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza. Mwenye klabu alikuwa yule yule. Na Mourinho aliporudi Chelsea, Drogba naye akarudishwa 2014, wakachukua ligi 2015.

Sikilizeni vizuri: hakujifanya hampendi kocha wake wa zamani. Aliumia mbele ya watu, halafu akaingia uwanjani. Alibaki na heshima pande zote mbili kwa sababu kitu alichokuwa anaonyesha kila Jumamosi kilikuwa mpira. Najua wewe si Drogba na mshahara wako si wake. Lakini kanuni ni ile ile. Makocha hubadilika. Wamiliki pia hubadilika. Kitu kinachobaki na jina lako ni kazi uliyofanya.

Basi unafanya nini Jumatatu asubuhi?

Kwanza, amri yoyote iliyotolewa kwa mdomo, iandike uirudishe. Si kwa ubaya. Mkurugenzi akikusimamisha kwa ngazi akakwambia ufanye kitu, ukifika kwa kiti tuma ujumbe mfupi: "Habari Bosi. Nimeelewa kwamba ungependa orodha ya wateja wa Mombasa ifike kwako kabla ya Alhamisi. Nimemjulisha Madam pia ndio tupange kazi ya wiki." Sentensi tatu. Umefanya vitu viwili hapo: umepata maandishi, na hakuna mtu atashtuka baadaye.

Pili, amri mbili zikigongana, usichague wewe. Zirudishe juu, kwa wote wawili, kwa ujumbe mmoja. Hapa ndipo ile kampuni ilinifunza. Tulikuwa na ofa ya friji. Meneja akaniambia Ijumaa ofa imeisha, nitoe tangazo. Saa moja baadaye mkurugenzi akapiga simu: wacha tangazo hadi mwisho wa mwezi. Nikaandika imeli moja kwa wote wawili: "Habari Madam, habari Bosi. Nimepata maagizo mawili kuhusu ofa ya friji: moja la kuitoa leo, lingine la kuiacha hadi mwisho wa mwezi. Tangazo bado liko hewani kwa sasa. Naomba mnijulishe tufuate gani kabla ya saa kumi, kwa sababu wateja wanauliza." Hakuna lawama. Hakuna "lakini Madam alisema". Baada ya saa mbili mkurugenzi akajibu neno moja: iendelee. Mwisho wa mwezi hesabu ikaonyesha zile friji ziliuzwa kwa hasara, na swali likaja kwa mkutano: nani aliacha hiyo ofa? Sikuhitaji kufungua mdomo. Imeli ilikuwa pale na watu wote wawili walikuwa nayo.

Tatu, jifunze kurudisha mazungumzo kwa kazi. Meneja akianza kukumwagia uchungu wake juu ya wakubwa, usimkatize na usiongeze kuni. Mwambie, "Pole Madam, naelewa si rahisi. Kwa upande wangu, ungependa nianze na nini leo?" Mkubwa akikuchimba, mwambie, "Kazi inaendelea Bosi. Ripoti ya wiki iko na Madam. Nimwambie akupigie?" Umemheshimu, umemjibu, na hujauza mtu. Halafu mwambie meneja wako siku hiyo hiyo kwamba uliulizwa na ulijibu nini. Akiskia kwa mtu mwingine, atajaza mwenyewe yale hukusema.

Kuna swali moja la mkubwa ambalo halijibiwi hivyo. Akikuita rasmi, na HR wakiwa hapo, akuulize jambo uliloliona kwa macho yako, sema ukweli. Sema ulichoona, tarehe, basi. "Sijui" ni jibu halali kama hujui. Kile usifanye ni kuongeza "lakini watu wanasema".

Nne, kuwa na rekodi ya kazi yako. Daftari tu inatosha: tarehe, nilipewa nini, na nani, nilimaliza lini. Hapa tuelewane. Sisemi ujitumie faili za kampuni kwa imeli yako ya nyumbani, wala upige skrinshoti za data ya wateja. Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mikataba mingi iko na kifungu cha siri za kampuni. Ukifanya hivyo unawapa sababu ya kukufuta ambayo hawakuwa nayo. Andika kazi yako kwa maneno yako. Na chochote kinachoeleza ajira yako mwenyewe, yaani mkataba, barua ya kuongezwa muda, hati za mshahara, weka nakala nyumbani. Hizo ni zako.

Tano, usirekodi watu kwa siri ukidhani unajilinda, halafu ukatume kwa kikundi. Nimeona hiyo ikimaliza watu. Imeli yenye adabu ina nguvu kuliko sauti ya kuibia.

Sasa sheria, manake vijana wengi tunajua mashairi ya gengetone yote lakini hatujawahi kufungua Sheria ya Ajira ya 2007. Ifungue. Iko bure mtandaoni. Nitakutajia tu zile sehemu zinazogusa hii maneno yetu.

Kifungu cha 44 kinataja makosa ambayo yanaweza kufanya ufutwe papo hapo. Moja ni kukataa kutii amri ya mwajiri au ya mtu aliyewekwa na mwajiri kuwa juu yako. Ndio maana sisemi ukatae amri za mkubwa eti kwa sababu wewe ni mtu wa meneja, wala za meneja eti mkubwa amekuambia usimskize. Lakini soma vizuri: sheria inasema amri iliyo halali na inayofaa, na iliyo ndani ya majukumu yako. Kupeleleza meneja wako haiko kwa barua yako ya kuajiriwa. Kuandika uongo kwa ripoti si amri halali.

Kifungu cha 41 kinasema kabla ufutwe kwa makosa ya nidhamu au kwa kufanya kazi vibaya, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoelewa, na usikizwe. Uko na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ndani ya hicho chumba. Wengi huingia peke yao wakitetemeka na kutoka wakiwa wametia saini kitu hawajasoma. Chagua mwenzako mapema kwa akili yako. Na uone faida ya kutokuwa mpelelezi hapo: utahitaji mtu mmoja wa ofisi akubali kukaa karibu na wewe.

Kifungu cha 43 kinamwachia mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu ya kukufuta ikiwa mtafika mbele ya mahakama. "Alikuwa mtu wa yule meneja wa zamani" ni sababu ngumu kuthibitisha. Wakiamua kupanga idara upya na kupunguza watu, kifungu cha 40 kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja, wachague kwa kuangalia muda wa kazi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa mtu, na wakulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Tena rekodi yako ya kazi inarudi kukusaidia hapo, kwa hiyo ya uwezo na kutegemeka.

Kwa walio kwa kipindi cha majaribio, kifungu cha 42 kinasema kisizidi miezi sita, na kuongezwa miezi mingine sita ni kwa kukubaliana nawe. Lakini notisi yako ni siku saba tu, au mshahara wa siku saba. Ndio, ngozi yako ni nyembamba. Kwa hivyo wewe ndiye unafaa kuwa mbali kabisa na siasa za ghorofa ya juu.

Na kifungu cha 51: ukitoka, uko na haki ya cheti cha utumishi ikiwa ulifanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Cheti hicho kinasema ulikuwa nani na ulifanya nini kutoka lini hadi lini. Hakimlazimishi mtu kukusifu. Sifa utaipata kwa mtu anayekukumbuka vizuri. Meneja aliyetupwa nje leo, mwaka ujao ako kwa kampuni nyingine anatafuta watu. Mpigie simu akiondoka. Mwambie asante. Hiyo si siasa, ni utu, na hakuna mkurugenzi mwenye akili atakulaumu kwa hilo.

Sasa kuna mtu tayari anataka kuniuliza: "Kwa hivyo unatufunza kuwa waoga? Huyu meneja ndiye alinipa kazi wakati kila mtu aliniambia sina makaratasi. Nimwache aonewe?"

Swali la haki kabisa, na kama mtu asiye na digrii linanigusa. Jibu langu ni kwamba heshima kwa aliyekushika mkono haipimwi kwa kununa mbele ya adui zake. Mpe kazi safi ambayo hakuna mtu juu anaweza kuitumia kumpiga nayo. Ukimaliza ripoti kwa wakati, umemtetea kuliko status mia moja. Akikuomba useme ukweli kuhusu kitu kizuri alichofanya na ulikiona, sema, na uweke jina lako. Lakini akikuomba ufiche, ubadilishe nambari, au ugomee kazi kwa ajili yake, hapo anakuomba umlipe deni ambalo hukukopa. Alikupa kazi kwa sababu unaiweza. Hakukununua.

Halafu kuna mambo si siasa kabisa, na hapo usiniskie nikisema kaa kando. Wizi. Usalama wa watu. Kushikwashikwa au kuombwa ngono ndio upate kitu. Kwa hilo la mwisho, sheria yenyewe inataka kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kijinsia. Iulize. Mambo hayo hayana upande wa meneja na upande wa wakubwa.

Kuna mfano mmoja wa Marekani ambao mimi huukumbuka hapa. Julai 1985, mhandisi anayeitwa Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol aliwaandikia wakubwa wake kwamba mipira ya kuziba viungo vya roketi za chombo cha anga inaweza kushindwa, na watu wafe. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, baridi ikiwa kali, yeye na wenzake wakapinga Challenger kurushwa. Mkuu wao wa uhandisi, Bob Lund, mwanzoni alikuwa upande wao. Mkubwa wake akamwambia avue kofia ya uhandisi, avae ya usimamizi. Akaivaa. Asubuhi chombo kikarushwa, na sekunde 73 baadaye kikavunjika angani. Watu saba wote wakafa.

Mwone huyo Lund. Alikuwa meneja aliyebanwa katikati, kama wako. Halafu mwone Boisjoly. Hakuwa na cheo cha kusimamisha chochote, lakini tume ilipokuja kuuliza nini kilitokea, maandishi yake yalikuwepo, yenye tarehe, yaliyoandikwa miezi sita kabla. Hakuyaandika kumsaidia meneja fulani ashinde. Aliandika kuhusu mipira na hatari yake. Ukiandika kuhusu kazi, maneno yako yatasimama hata watu wote waliokuwa wakipigana wakiondoka.

Najua ofisi nyingi hatutengenezi roketi. Lakini kuna mtu anaendesha lori la kampuni yenu ambalo breki zake zinalia na mkubwa na meneja wanabishana bajeti ni ya nani. Kuna dawa kwa stoo ambayo tarehe imepita. Andika.

Na ukifanya yote hayo na bado ikawa sumu? Kama kila asubuhi tumbo linauma ukishuka matatu, kama wanakutumia kwa zamu, kama mshahara unacheleweshwa ndio uchague upande, anza kutafuta kazi nyingine kimya kimya. Usitoke kwa hasira Jumanne bila mpango. Weka akiba ya hata mwezi mmoja wa kodi ukiweza, rekebisha wasifu wako, halafu toa notisi yako kwa maandishi, umalize kazi uliyoachiwa na ukabidhi vizuri. Mimi niliondoka ile kampuni miezi minne baada ya meneja wetu kutoka. Niliaga wote wawili. Hadi leo naweza kupigia yeyote kati yao simu na atashika.

Sasa hivi, kabla uende kulala, fanya kitu kimoja. Fungua simu yako utafute amri ya mwisho uliyopewa kwa mdomo wiki hii na mtu wa ghorofa ya juu. Iandikie ujumbe wa sentensi tatu, wenye adabu, na umtumie aliyekupa. Usingoje siku watagombana mbele yako ndio uanze kutafuta kalamu.